Pikipiki ya Kupita Kati ya Michungwa

Mama Miche alikuwa na tabia moja iliyowachekesha majirani na kumnyima binti yake usingizi: alikuwa akibishana na mumewe. Kubishana na mume si ajabu, wako wanaolimaliza hilo kabla hata ya chai ya asubuhi. Shida ni kwamba mume mwenyewe alikuwa amezikwa tangu kiangazi kilichopita.

Tusije tukamdhania mwendawazimu. Kitalu chake nyuma ya nyumba kilikuwa safi kuliko sebule za watu wengi, alijua mche upi unahitaji kivuli na upi unadeka tu, na mteja aliyekuja na hila za kumpunja aliondoka ameinamisha kichwa. Lakini jioni, akikunja mipira ya kumwagilia, alimsikia. Kwanza kikohozi, halafu sauti yenyewe, nzito, inayocheka kabla ya kusema neno. Watu wote walimwita Bonge, na yeye alilipenda jina hilo, maana lilikuwa kweli tupu. Alikuwa mtu ambaye akikaa kitini, kiti kinalalamika. Na mtu wa kiasi kile akiondoka, nyumba inabaki na pengo la kiasi kilekile, huwezi kupita bila kujikwaa.

"Umesahau kufunga bomba," sauti ilimwambia.

"Sijasahau. Si ndiyo naliendea?"

Na kweli bomba lilikuwa wazi.

Binti yake aliyasikia hayo kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa fundi cherehani mjini, mtoto pekee wa Bonge na Mama Miche. Baada ya maziko alifunga kibanda chake, akarudi nyumbani na cherehani yake kwenye gari la mizigo, akasema amekuja kukaa. Mama hakumuuliza maswali. Alimtandikia kitanda tu, kisha akaenda kulia kitaluni ambako hakuna wa kumwona.

Sasa walikuwa wakipandisha maji shamba la juu kwa ndoo. Shamba la juu ndilo lililowalisha, michungwa mikubwa iliyopandwa kwa matuta kwenye ubavu wa kilima, kila tuta safu mbili na njia katikati, na kiangazi kilikuwa kimeanza kuikausha majani. Mabega ya wanawake wawili hayawezi kunywesha kilima kizima. Ilibidi inunuliwe pikipiki nyingine ya matairi manne, badala ya ile iliyomuua Bonge, ya kuvuta tela la tangi la maji. Akiba ya mavuno ilitosha moja tu, hakuna kujaribu na kurudisha. Na atakayeiendesha kila siku ni huyu binti, pekee aliyebaki naye. Mama Miche akiwaza hilo, chakula kilimshinda kumeza.

Shemeji yake, mdogo wake Bonge, yeye hakuwa na shida ya kumeza. Alikuja Jumapili, akajimwaga kwenye kochi, akamaliza jambo lote kabla hajafika nusu ya chai.

"Shemeji, hapa hakuna cha kuumiza kichwa. Unachukua kubwa, kama ile ya marehemu. Kubwa haichoki. Inavuta tela, inavuta magogo, ikibidi inavuta na nyumba hii."

"Nyumba hii haina safari, baba mdogo," binti alisema.

"Wewe nicheke tu. Zile ndogo ni za watu wenye pesa za kuchezea. Uipakie maji ikushinde mlimani, halafu simu yangu isipumzike."

Kubwa, mke wangu, ikasema sauti kutoka upande wa kabati. Chukua kubwa.

Mama Miche akageuka kutazama kabati. Shemeji naye akageuka, akaona sahani na vikombe, akarudi kwenye chai yake. Tangu hapo mbwembwe zilimpungua. Ndiye aliyempeleka kaka yake dukani mara ya kwanza, ndiye aliyeigonga ile pikipiki kubwa kwa kiganja akasema hii ndiyo yenyewe. Mtu aliyesema vile hawezi kwa urahisi kusema vingine.

Kuhusu kifo chenyewe, kila mtu alikuwa na maelezo yaleyale. Bonge alikuwa ameshamwagilia safu za chini, tangi limebaki nusu. Tangi lililojaa hutulia, lakini la nusu, maji hukimbilia upande unaoinama. Akapita ubavuni mwa kilima, maji yakahama, tela likalala, likaivuta pikipiki, na pikipiki ikamlalia. Bahati mbaya, wakasema, na Mama Miche akasema hivyohivyo kwa kila aliyekuja kumpa pole. Shamba la juu lilikuwa himaya ya mumewe. Yeye alishinda kitaluni, na pikipiki aliijua ya barabarani tu, siku za soko, amekaa nyuma ya Bonge kwenye kile kiti kirefu, kifua kimeegemea mgongo wake, makreti yakigongana kwenye tela.

Asubuhi baada ya ziara ya shemeji, aliingia bandani. Ile pikipiki ilikuwa pale chini ya turubai, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiuza. Aliinua turubai upande mmoja tu, asiuone usukani uliopinda. Akachukua fito, akaipima kwenye upana wa matairi, akaikata sawasawa. Kisha akapanda nayo kilimani, ameishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili, akapita nayo katikati ya michungwa.

Waliomwona kutoka barabarani walipata la kuzungumza hadi usiku. Mjane wa Bonge anatembea shambani na fito tumboni, mwishowe amechanganyikiwa. Hawakujua kwamba anafanya kazi ya maana kuliko yote iliyofanywa na ukoo ule tangu pikipiki ya kwanza inunuliwe. Watu wote walikuwa wameuliza inavuta nini. Hakuna aliyeuliza inapita wapi.

Kwenye safu za chini fito ilipita. Kwenye tuta la kwanza la juu ilikwama. Alidhani ameishika vibaya, akainyoosha, akasukuma. Ikakwaruza magome kushoto na kulia. Akainama kutazama, na pale, kimo cha mguu wa mtu mzima, magome yalikuwa na makovu ya zamani pande zote mbili, yameshapona na kuwa meusi. Mti wa pili haukuwa na kovu, wala wa tatu. Akaenda tuta linalofuata, yaleyale, mti wa kwanza umejeruhiwa, iliyobaki mizima. Bonge alikuwa amejaribu kuingia kila tuta, pikipiki ikamgomea mlangoni, akarudi nyuma.

Kama hakupita ndani, alipita wapi?

Alitoka kwenye matuta, akaizunguka safu ya mwisho, akaiona njia. Michirizi miwili ya matairi, nyasi zimeanza kuifunika, ikipita nje ya miti yote, ukingoni, pale ambapo kilima kinajitupa chini. Haikuwa njia ya siku moja. Ilikuwa imechimbika. Kila siku, misimu miwili, mumewe alikuwa akipita ubavuni mle na maji nyuma yake, kwa sababu dubwana lake halikuenea kwenye njia zake mwenyewe, na hakusema. Akaifuata michirizi hadi ilipokatika. Hapo alipajua, ndipo Bonge alipolaliwa.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza kwa sauti.

Akaichapa michirizi kwa fito.

"Ningekata miti. Ningekata safu nzima, mume wangu. Mimi ndiye niliyeipanda ikabanana hivi. Au uliona haya kusema umenunua kubwa mno? Au uliionea huruma miti yangu? Sema basi! Si unajua kusema mambo ya bomba!"

Hakukuwa na kikohozi wala kicheko. Alilia akiwa amekaa juu ya michirizi, akilia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Mtu anaweza kukusamehe kufa. Kufa kimyakimya kwa ajili ya miti ni jambo jingine. Lakini alihisi Bonge yupo. Alikuwa karibu kuliko siku zote, uzito wake mzima, kama mtu anayeketi kando yako akiwa na kosa la kuungama na asiweze.

Binti alimkuta pale. Mama akamwonyesha makovu, kisha michirizi. Binti alitazama kwa muda mrefu, jicho lake la fundi likienda kutoka mti hadi mti.

"Dubwana lile lilikuwa limembana," alisema mwishowe. "Nguo ikikubana unaiacha. Yeye akaamua kutembea upande."

Wakachukua panga, wakaipunguza fito kidogokidogo, wakipita nayo kila tuta, mpaka ikapita kote na kiganja kubaki kila upande. Hiyo ndiyo waliyokwenda nayo dukani, shemeji akiwatangulia kwa hatua za mtu anayejulikana pale.

Duka lilikuwa na harufu ya raba mpya. Pikipiki tatu za matairi manne zilipangwa sakafuni, na muuzaji, bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi hadi likakoma, alianza kumvika Mama Miche kilemba cha ukoka kabla hajajua shida yake. Mama mwenye macho ya kujua kitu kizuri, alisema, na akamwelekeza kwenye kubwa. Ilikuwa ndugu wa ile ya bandani, rangi ileile, kiti kilekile kirefu. Mama Miche aliisogelea. Aliweka kiganja juu ya kiti. Angeweza kuinunua pale pale, si kwa kazi, kwa ajili ya kiti tu.

"Fito, Mama," binti akamkumbusha.

Fito haikufika hata kwenye tairi la pili. Muuzaji akatazama, shemeji akatazama viatu vyake.

Ndogo ilipita na nafasi kubwa, na moyo wa Mama Miche ukaikimbilia. Hapo muuzaji, tumpe haki yake, akaacha kujipigia debe.

"Mama, unavuta maji mlimani? Hii sikuuzii kwa kazi hiyo. Kupanda itajikongoja. Ila kushuka, tela ni zito kuliko yenyewe, litaisukuma kutoka nyuma na breki hazitaweza kitu."

"Si nilisema?" shemeji alinong'ona, lakini bila furaha.

Ikabaki ya kati. Fito ikaenea juu yake karibu sawasawa. Tangi ingebidi liwe dogo, safari zingeongezeka, na maji yangekwenda yamejaa au yasiende. Binti akapanda. Miguu ikakaa chini imara, mikono ikashika usukani bila kujinyoosha, akageuza kushoto na kulia. Akateremka akitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu maziko.

"Na wewe, Mama. Siku nikiumwa utaiendesha wewe."

Mama Miche alikusanya nguo yake, akapanda. Akanyoosha mikono. Haikufika. Vidole viliishia hewani, mbele ya usukani, akajivuta kwa kiuno na bado havikugusa breki. Akilini alimwona binti yake mlimani, breki mbali na vidole, maji yakimsukuma.

"Basi mama, labda hii nayo ni kubwa kwako," muuzaji alisema kwa upole. "Tunaweza kurudi kwenye ile ndogo, tukatafuta namna."

"Turudi," alisema haraka. "Hata kama itajikongoja. Turudi."

"Ngoja kwanza," binti alisema.

Alikuwa amesimama pembeni, kichwa kimeinama, akimtazama mama yake kama anavyomtazama mteja aliyevaa gauni lisilokaa. Mikono ya mama yake haikuwa mifupi kuliko yake. Amekuwa akiishonea mikono ile miaka yote, anaijua. Akashusha macho kwenye kiti, akaona, na uso wake ukabadilika.

"Mama, sogea mbele."

"Nimeshakaa."

"Umekaa nyuma kabisa. Hii utaiendesha peke yako." Akagusa kiti mbele ya magoti ya mama yake. "Umemwachia Baba nafasi ya kukaa."

Mama Miche akatazama mbele yake. Kati ya magoti yake na usukani kulikuwa na kiti kitupu, kinang'aa, kipana cha kutosha mtu. Hakuwa amefikiri chochote. Mwili wake ulikuwa umekaa pale ulipozoea kukaa, na hadi dakika ile alikuwa akihisi joto la mgongo ule kifuani pake, shati lile, pumzi ile ikipanda na kushuka. Shemeji alitoka nje ya duka, akasimama juani na mkono machoni.

"Hayupo, Mama," binti alisema, karibu na sikio lake. "Sogea."

Muuzaji akawa na adabu ya kwenda kupanga vitu visivyohitaji kupangwa. Kisha Mama Miche akainua kiuno, akasogea mbele, akaketi mahali pa Bonge, na mikono yake ikaushika usukani wote, breki chini ya vidole, bila kunyooka hata kidogo. Nyuma yake kulikuwa na baridi. Akalia pale pale juu ya pikipiki, akiwa ameishika vizuri, na binti yake akaenda kumwambia muuzaji kwamba wanaichukua hii.