Vidonge vya Wifi

Mtu asiniambie kwamba niliota. Siku zile sikuwa na uwezo wa kuota, na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Baba Neema, mume wangu, alipofariki hapa Kintinku, nilikaa majuma matatu sipati usingizi. Ukinipitia kidogo alfajiri, namwona amesimama mlangoni, midomo inacheza, maneno siyasikii. Dada yake, wifi yangu Joyce, akahamia kwangu kunifariji. Tulipendana kama watoto wa tumbo moja. Ndiye aliyeniletea vidonge vyeupe vimefungwa kwenye karatasi.

"Meza wifi yangu, upumzike. Hata mimi nilipofiwa vilinisaidia."

Nikameza. Niamini, kule hakukuwa kulala, kulikuwa kuzimwa. Ndoto hakuna, kugeuka hakuna. Naamka jua limeshapanda, kichwa kizito, ulimi mzito, nasinzia tena mwiko mkononi. Nikajua ni msiba tu.

Asubuhi moja nikaenda kuchota maji kwenye mashimo ya mchangani mtoni, nayumba kama mlevi. Nikainama na kata. Kuinuka, Baba Neema amekaa ng'ambo ya shimo, na shati lake la shamba. Saa mbili asubuhi, jua linawaka! Marehemu gani anatembea saa hizo?

"Mbukwa," akanisalimia kwa Kigogo chetu.

"Kila usiku nakuja, nakukuta umefungwa kama sanduku. Mama Neema, nani kakufunga?" Akaninyooshea mkono. "Hebu tazama kidole gumba chako."

Kilikuwa na wino wa zambarau mpaka kwenye ukucha. Nilipoinua macho, hayupo. Mchangani, hata unyayo hakuna.

Nilikwenda na ndoo tupu moja kwa moja ofisi ya kijiji. Mtendaji akanitolea karatasi aliyoileta Joyce jana yake: eti shamba la alizeti nimempa lote, kwa hiari yangu. Chini yake, alama ya dole gumba langu.

"Hata mimi nilishangaa," akasema. "Wewe katibu wa kikundi, miaka yote unaweka saini." Akaikataa ile karatasi.

Nyumbani, Joyce hakukana. "Shamba ni la baba yangu," alisema, akikunja kanga zake. "Wewe uliolewa tu."

"Na ulivyokuwa unanishika nikilia?"

Akaendelea kukunja.

Muuguzi wa zahanati alinieleza kuwa usingizi una hatua zake, na vidonge vingine huibana ile ya ndoto. Dawa ikibaki mwilini asubuhi, mtu hutembea nusu amelala, na anaweza kuona mambo macho wazi. Labda. Lakini nani aliniambia nitazame kidole?

Niliviacha vile vidonge. Usingizi umerudi wa mang'amung'amu, kuku akikohoa nimeshakaa kitandani. Ndoto nazo zimerudi. Naota mbuzi, naota marehemu mama. Baba Neema hajatokea tena. Joyce tunakutana kanisani, bado ananiita wifi, nami naitikia, kwa kuwa sijui nimwite nani.

Wewe unayenisikia, dawa ya usingizi ipokee kwa daktari aliyekupima. Usiipokee kwa mtu kwa sababu tu anakupenda. Mimi nilipendwa, nikalazwa, nikashikwa mkono gizani, nikachovywa kidole kwenye wino kama maiti.