Riwaya za Mama Dirishani

Harufu ya vitabu vilivyonyonya unyevu ndiyo iliyojaa sebuleni kwetu Kanyosha mwaka ule niliotimiza miaka kumi. Ilikuwa imechanganyika na harufu ya grisi, kwa sababu kati ya riwaya za mama yalikuwamo makatalogi ya vipuri vya magari ambayo baba aliyabeba kutoka dukani kwake mtaa wa Asiatique, na kila mvua ilipopiga kutoka upande wa milimani, karatasi zilivimba na chumba kizima kikanuka kama nguo zilizoanuliwa kabla hazijakauka. Niliichukia harufu ile. Sikuichukia kwa ajili ya pua yangu; niliichukia kwa kuwa ilinijulisha kwamba ukuta wetu wa vitabu umelowa, na mimi sikujua kama karatasi iliyolowa bado inaweza kuzuia risasi.

Niseme kwanza ukuta huo ulitoka wapi. Vita vilikuwa vimekaa nasi muda mrefu kiasi kwamba kila nyumba mtaani ilikuwa na ujanja wake: wengine waliziba madirisha kwa matofali, wengine kwa magunia ya mchanga, na karibu wote tulijibanza kwenye korido milio ilipoanza, maana korido ina kuta mbili kila upande. Dirisha la sebule yetu lilitazama moja kwa moja vilima, kule risasi zilikotoka. Siku moja baba alirudi na habari. "Karatasi inakulaka risasi kuliko mbao," alimwambia mama. Mama akauliza nani kamwambia. "Watu ya garaji." Mama akamkazia macho. "Na hao watu ya garaji walijaribia kwa kitabu ya nani?" Lakini alinitazama mimi, kisha akafungua kabati lake mwenyewe na kuanza kutoa riwaya. Jioni ile dirisha lilikuwa limejaa kutoka chini hadi juu. Kosa la baba lilikuwa moja tu, na hadi leo linanichekesha na kuniuma kwa pamoja: mtu wa duka yule, asiyesoma chochote ila hati za mizigo, alivipanga vitabu migongo ikiwa imetazama ndani, majina yote yakionekana vizuri, kama anavyopanga bidhaa kwenye rafu ili mteja achague.

Na mteja alikuwapo. Mama yangu alikuwa karani katika ofisi ya serikali, na nje ya kazi hiyo alikuwa msomaji asiyejua kutulia. Riwaya zake alizinunua kwenye turubai zilizotandikwa kando ya soko kuu, nyingi za Kifaransa, chache za Kiswahili zilizovuka ziwa kutoka Kigoma. Hakusoma amekaa. Alisoma akikoroga maharage, akitembea kutoka jikoni hadi uani na kurudi, akigombana na watu wa ndani ya kitabu kwa sauti. "Mujinga we, usimufungulie mulango!" alikuwa akisema, na jirani wa upande wa pili akiuliza kama kuna mgeni. Akimaliza riwaya moja alikuwa tayari ameishika nyingine mkononi. Kumweka mwanamke wa namna hiyo mbele ya ukuta wa vitabu na kumwambia asiviguse ilikuwa kumwonea.

Siku ya tatu alichomoa cha kwanza. Siku ya nne viwili. Kilichonitia wazimu si kuvichomoa tu, bali mahali alipovisomea. Sebule sasa ilikuwa giza mchana kutwa, umeme ulikuja ulipojisikia, na mama aligundua kwamba kitabu kikitoka dirishani kinaacha tundu, na kwenye tundu unaingia mwanga. Basi akirudi kazini saa kumi alasiri, alikuwa akichomoa riwaya mbili tatu kwenye kimo cha uso wake, anasimama palepale, na kusoma kwa mwanga wa tundu alilolifungua. Kichwa chake kilikuwa kimeziba nafasi ileile ya vitabu. Mimi nilikaa sakafuni nikijifanya nafanya hesabu za shule, nikipima kwa macho mstari kutoka kilimani hadi paji la uso la mama yangu. Nilimwambia. "Apana, usiogope," alinijibu bila kuinua macho, "wako wamelala saa hii." Alisema hivyo kana kwamba wenye bunduki walikuwa wamemwachia ratiba.

Nilianza kuziba matundu mwenyewe. Chini ya kitanda changu kulikuwa na boksi la vitabu vyangu vya zamani vya picha, vya utotoni hasa: cha bata aliyekataa kuoga, cha kobe aliyehama nyumba, cha kuhesabu matunda. Nilivipenyeza dirishani mama alipokuwa kazini. Lakini vitabu vya picha ni vyembamba na vipana, havikai. Vilijikunja, vikaanguka, na mama akaviokota na kuvirudisha chumbani kwangu akidhani nimeacha vitu ovyo. Kisha ikaja alasiri moja ambapo hao waliolala waliamka mapema. Milio ilianza karibu sana, baba akiwa bado mjini, na mimi nikakimbilia korido nikiita. Mama alikuwa dirishani. Aliinua kidole kimoja kuelekea kwangu, kile kidole cha subiri kidogo, na akaumalizia ukurasa. Ndipo akaja. Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia mama yangu dakika ile, huku nikiwa nimemkumbatia kiunoni kwa nguvu zangu zote.

Kesho yake nilifanya jambo lililonigharimu heshima yangu yote. Nilikuwa darasa la tano, nilisoma Kifaransa kuwapita wenzangu, na nilimwendea mama saa kumi kamili, kabla hajafika dirishani, nikiwa na kitabu cha bata mkononi, nikamwomba anisomee. Anisomee koridoni. Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso kama anayetafuta homa, kisha akaja. Siku iliyofuata nikaleta cha kobe. Siku nyingine tena cha bata. Nilimsikia akimwambia baba jikoni kwa sauti ya chini: "Mutoto amerudi nyuma. Ni hii vita. Anataka vitabu vya bébé." Baba akasema wanisomee tu. Nilitamani kuingia niwaambie mimi si bébé wa mtu, lakini nikimeza aibu yangu kichwa cha mama hakimo dirishani, basi nikaimeza.

Mwanzoni alisoma vibaya, mguu wake ukitikisika, macho yakikimbilia sebuleni kila baada ya ukurasa. Vitabu vile vilikuwa na maneno machache na yeye alizoea mengi. Akaanza kuyaongeza. Huyu mama bata, aliuliza, anafanya kazi wapi? Na baba yake yuko wapi, mbona hatumwoni kwenye picha hata moja? Alimtafutia kobe wivu, mkwe na kesi ya kiwanja. Nilicheka bila kutaka. Kwa majuma kadhaa saa kumi yetu ilikuwa hivyo, sakafuni, migongo yetu ukutani, mlango wa sebule ukiwa umefungwa, na riwaya zilibaki mahali pake. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Kanyosha.

Halafu siku moja mwalimu alituruhusu mapema kwa sababu barabara ilikuwa na wasiwasi, na ofisi za serikali nazo zilikuwa zimefungwa. Niliingia ndani nikitegemea kumkuta mama dirishani. Hakuwapo. Alikuwa koridoni, peke yake, viatu vya kazini bado miguuni, akisoma kitabu cha bata aliyekataa kuoga. Hakuwa na mtoto wa kumsomea. Nilimuuliza kwa nini asichukue riwaya. Alijibu kawaida tu, kama anayenieleza bei ya mchele: "Hii mi najua nitaimaliza." Nilisimama pale na mkoba mgongoni. Siku zote nilikuwa nimedhani mama hajui hofu, kwamba hofu ya nyumba nzima nimebebeshwa mimi. Kumbe alikuwa ameacha riwaya kwa sababu riwaya inahitaji wiki nzima, na hakuwa na hakika tena na wiki nzima. Nilivua mkoba nikakaa ubavuni mwake, na alipomaliza alianza tena ukurasa wa kwanza.

Tulihamia Nyakabiga kwa shangazi, dada yake baba, kabla ya mvua kubwa, na tulichukua nguo, sufuria na godoro. Vitabu tuliviacha dirishani, maana baba hakutaka nyumba ionekane haina watu. Aliporudi kuitazama baada ya miezi, milango ilikuwa imeng'olewa na riwaya zilikuwa zimetapakaa sakafuni, zimeoza. Alikagua dirisha kwa makini, kama fundi. Hapakuwa na alama ya risasi hata moja. Risasi pekee iliyoingia nyumbani ilikuwa imepitia bati la jikoni, ambako hakuna aliyewahi kuogopa kusimama.

Mama sasa ni mstaafu, bado yuko Nyakabiga, na anasoma riwaya nene kuliko zile za zamani. Anasoma amekaa, saa mbili mfululizo, dirisha likiwa wazi kabisa na barabara ikipiga kelele zake. Yeye alipona. Mimi, niliyemaliza vyuo, sijui mara ya mwisho nilimaliza riwaya lini. Nasoma kurasa mbili naenda kuangalia geti. Ninavyomaliza ni vitabu vya picha vya binti yangu, na hivyo navisoma nimesimama. Mara ya mwisho nilipomtembelea mama, gurudumu la lori lilipasuka barabarani. Yeye hakuinua macho. Mimi nilijikuta nimekwisha simama kati yake na dirisha, mgongo wangu ukielekea nje, mikono imetanuka kidogo.

"Hadija, toka apo," akasema, akifunua ukurasa. "Unanifungia mwangaza, na mi niko karibu kumaliza."

Nilisogea hatua moja tu, na nikabaki nimesimama pale mpaka alipofunga kitabu.