Bibi Afande Afungiwa Mlango

Kabla ya kustaafu, Bibi Afande alikuwa askari wa gereza la wanawake, na mtaani aliogopwa kuliko mbwa mkali. Kubembeleza hakukujua. Binti yake alipoolewa upya na kumwachia mjukuu, alimlea kama alivyozoea kazini: amri moja, jibu moja.

Mjukuu naye alikuwa moto wa kuotea mbali. Akiudhiwa, anauma. Siku aliyomng'ata mwalimu mkono hadi damu ikatoka, shule ikasema ama apelekwe kwa mshauri wa watoto, ama asirudi.

Bibi Afande akafyonza. "Siku hizi hata utukutu una daktari?"

Akaenda shingo upande. Mshauri alikuwa mwanamke kijana aliyeketi sakafuni kama watoto aliowahudumia. Alimpa mtoto udongo wa kufinyanga, akamwambia, "Nioneshe unayemkasirikia."

Mtoto akafinyanga mtu mnene mwenye kofia, kisha akamshindilia ngumi mpaka akawa bapa.

"Nani huyo?" Bibi akauliza.

"Wewe."

Bibi Afande akasimama. "Ndiyo unayomfundisha haya? Aniue?"

"Afadhali aponde wa udongo kuliko kumng'ata wa nyama, mama," mshauri akajibu. "Mama yake alipoondoka, nani alimruhusu alie?"

"Ya nyumbani kwangu yaache! Wewe umesoma, mimi nimezaa."

Mshauri hakurudi nyuma. Alitoa sharti: mtoto akipandwa na hasira, aende chumbani, afunge mlango, apige mto mpaka apoe. Na asifuatwe.

"Mimi niliyefungia watu maisha yangu yote, leo nifungiwe mlango na kijitoto?"

Haikupita wiki, simu ikaita. Binti yake aliyeahidi kuja alisema haji tena. Mtoto akarusha sahani ukutani. Akautazama mkono wa bibi yake, meno nje, halafu akageuka, akakimbia. Mlango ukabamizwa, pu!

Bibi Afande akamfuata mbiombio, akashika kitasa. Ndani mto ulikuwa ukipigwa, kisha kikaja kilio: "Mama muongo! Mama muongo!"

Hakuwahi kumsikia akilia. Na neno hilohilo lilikuwa limemkaa yeye kooni tangu binti yake aondoke. Hakuwa amemwambia mtu. Akaachia kitasa, akabaki amesimama pale.

Mtoto alitoka macho yamevimba. "Nina njaa."

"Kaokote vigae vyako kwanza." Lakini aliinama naye, akinung'unika, akaokota vile vikali mwenyewe.

Walipopelekana tena kwa mshauri, Bibi Afande hakungoja kukaribishwa. "Juzi hakuuma," alisema. "Ila wewe bado sikupendi."

"Si lazima unipende, mama. Mlete tu."

Bibi akafyonza, akaburuta kiti mpaka ukutani, mbali na yule msichana msomi kadiri chumba kilivyoruhusu, akaketi, mikono kifuani.