Njia Iliyopimwa kwa Baiskeli Tupu

Jina langu ni Kabula. Nyumbani naitwa Mama Kulwa, kwa jina la mwanangu, na kwa wanafunzi wangu naitwa Mwalimu, ingawa wengi wao ni wakubwa kuliko mama yangu mzazi. Nasimulia haya nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, wa kushoto mfupi kidogo kuliko wa kulia. Nimeombwa niyaseme kwa sababu kuna watu sasa hivi wamelala na mifupa iliyovunjika, na wameanza kuamini kwamba maisha yao yameishia pale walipoangukia.

Kabla ya ajali nilikuwa na nguvu. Nilifundisha kisomo cha watu wazima katika madarasa mawili, moja mjini Shinyanga na jingine upande wa Ibadakuli. Nilikwenda kwa baiskeli ya kiume, nikiwa nimefunga ubao mweusi kwa mapana juu ya keria. Ubao ule ulikuwa na futi nne. Mwanamke juu ya baiskeli alikuwa kioja miaka ile, na mwanamke mwenye ubao alikuwa kioja zaidi. Vijana wabeba pamba walikuwa wakinipigia kelele, "Mwalimu, ukipata upepo utaruka." Niliwajibu kwamba nikiruka nitatua shambani kwao niwasomeshe. Tulizoeana.

Kisha ikajengwa njia ya baiskeli. Ofisi iliyoijenga siitaji, kwa kuwa waliokuwamo wamekwisha kuhama. Nitaieleza njia yenyewe, maana niliipita kila siku na naijua kuliko aliyeichora. Ilifuata ukingo wa kushoto wa barabara ya lami. Kulia kwake walipanga mawe makubwa yaliyopakwa chokaa ili tusiingie barabarani. Kushoto kwake kulikuwa na mfereji wa maji ya mvua, wazi, wenye kina cha kiunoni. Katikati ya mawe na mfereji palibaki futi mbili na nusu. Nguzo za umeme zilizokuwapo tangu zamani hazikuhamishwa. Zilisimama katikati ya njia, na kila nilipofikia nguzo nilishuka, nikainamisha baiskeli ili ubao upite, kisha nikapanda tena. Mbele kidogo njia ilikatika kwenye kalavati, ikaendelea ng'ambo ya pili kana kwamba sisi ni ndege.

Fundi Salumu, aliyekuwa akitengeneza baiskeli karibu na soko, aliitazama siku ya kwanza akacheka. "Mwalimu, huo ni mfereji wa pili," alisema. "Wameukausha tu."

Tungeweza kuiacha, lakini tulikatazwa barabara. Mgambo aliwekwa pale na daftari la kuandika makosa. Jina lake Ngusa. Ukikanyaga lami anakupigia filimbi. "Wewe mama wa ubao, lami ni ya malori. Njia yenu ile pale." Siku moja mbeba pamba alimwambia, "Hata mbuzi hupewa njia ya kupishana." Ngusa akajibu, "Mbuzi hawana serikali." Tulicheka, tukarudi kwenye mawe.

Siku niliyovunjika ilikuwa Jumatatu, yapata saa nane mchana. Nilikuwa naelekea Ibadakuli. Nilikuwa nimekwisha kuipita nguzo ya tatu, nikaona baiskeli inakuja mbele yangu na gunia la mpunga limelala kwa mapana. Aliyeiendesha alikuwa Mzee Lubinza, baba wa mume wangu.

Wasukuma mnanielewa. Mke hapishani na baba mkwe akiwa juu ya baiskeli. Anashuka, anatoka njiani, anapiga goti, anasalimia, mzee anapita. Hayo nilifundishwa kabla sijafundishwa a, e, i, o, u. Basi nilishuka. Na mtu hushukia kushoto, kwa sababu ndivyo tulivyojifunza baiskeli sote. Mguu wangu ulitafuta mahali pa kukanyaga nje ya njia. Nje ya njia hapakuwapo. Ukingo wa mfereji ulimeguka, unyayo ukanasa kati ya mawe mawili chini, na ubao ukaivuta baiskeli nzima juu yangu. Nilisikia mlio kama wa bua la mtama likivunjwa. Nilipotazama, ncha ya mfupa ilikuwa imetoka nje ya ngozi, chini ya goti, nyeupe kuliko chaki yangu.

Mzee Lubinza alisimama ukingoni na mikono yake hewani. Mkwe hamgusi mkamwana. Nilimwona akiangalia huku na huku kutafuta mtu mwingine. Hakuwapo. Kisha akateremka mfereji, akanishika kwapani.

"Leo hakuna ukwe," alisema. "Nishike shingo, mwanangu."

Sasa nitasema kosa letu, na nalisema bila kumlaumu mtu. Mume wangu alikuwa akifanya kazi mgodini Mwadui, akirudi nyumbani Jumamosi tu. Mzee aliona kwamba yeye ndiye aliyeniangusha, kwa hiyo yeye ndiye mwenye kunitibu. Alimleta mtaalamu wa kuunga mifupa, mtu mwenye sifa, aliyekuwa ameunga mikono na miguu mingi. Lakini mifupa ile yote ilikuwa imevunjika ndani ya ngozi. Wangu ulikuwa umetoboa ngozi. Aliurudisha kwa kuuvuta, watu wanne wakinishika, akaweka dawa ya mizizi juu ya kidonda, akanifunga kwa vibanzi vya mti na kamba.

Siku ya kwanza nilisikia maumivu. Siku ya pili mguu ulivimba mpaka kamba zikazama katika nyama. Siku ya tatu homa ilipanda, nikawa nawaita wanafunzi kwa majina na kuwaambia wafunge madaftari. Siku ya nne vidole vilibadilika rangi, vikawa kama zambarau iliyoiva. Siku ya tano maumivu yalipungua, na kila mtu nyumbani akafurahi isipokuwa mimi. Nilikuwa nimeanza kunusa mguu wangu.

Mume wangu alipofika Jumamosi hakusalimia. Alisimama mlangoni, akavuta hewa mara moja. "Nani ana gari?" aliuliza. Akapata lori la mbegu za pamba, nikapandishwa juu ya magunia, nikafikishwa hospitali.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alikata kamba, akafungua vibanzi, akautazama mguu kwa muda mrefu. Usaha ulitoka wenyewe, mwingi, wenye harufu ya panya aliyekufa.

"Mlikaa nao siku ngapi?"

"Tano," mume wangu alisema.

"Mama, nitasafisha na kukuchoma sindano. Nakupa siku tatu. Vidole vikirudia rangi yake, tutauhifadhi. Visiporudi, nitaukata hapa." Akaweka kiganja chake juu ya goti langu. "Ukikataa kukatwa siku hiyo, utakufa. Nataka uniambie sasa kama umeelewa."

"Nimeelewa," nilisema. "Ukifika wakati, ukate. Lakini siku zangu tatu zihesabu zote. Usiibe hata asubuhi moja."

Alicheka kidogo. Ni mara ya pekee niliyomwona akicheka.

Siku zile tatu sikulia. Nilichofanya ni kuwaza mguu ule unaendesha baiskeli. Nilizungusha pedali kichwani, nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila nilipofika kwenye mfereji nilipanda lami. Sindano za penisilini nilichomwa kila baada ya saa chache mpaka makalio yakawa magumu kama kiatu. Asubuhi ya siku ya tatu muuguzi alikibonyeza kidole gumba, akakiachia. Kikawa cheupe, kisha polepole kikarudi chekundu. Alikibonyeza tena ili ahakikishe. Akatoka, akarudi na daktari.

Mguu ulibaki. Walinifunga plasta kuanzia pajani hadi vidoleni, wakakata dirisha dogo mahali pa kidonda ili kisafishwe kila siku. Nililala wodini majuma saba, nikakaa na plasta nyumbani miezi mitatu zaidi. Ilipofunguliwa, mguu ulikuwa mwembamba kama mkono wa Kulwa, una magamba, na goti lilikataa kukunjika.

Wakati ule wa plasta, darasa la mjini lilihamia uani kwangu. Nilifundisha nimeketi, mguu juu ya kigoda. Mzee Lubinza hakuwahi kukubali kisomo. Alikuwa akisema hawezi kukaa mbele ya mke wa mwanawe kama mtoto. Sasa alikuja kila siku kuniletea maziwa, na baada ya kuyaacha hakuondoka. Alikaa nyuma ya ukuta wa jiko, mgongo wake kwetu. Wanafunzi waliposema herufi, nilisikia sauti nzito ikizirudia kule nyuma. Hakuna aliyemcheka. Basi nilianza kusoma kwa sauti kubwa zaidi.

Daktari alinifundisha mazoezi ya mfuko wa mchanga. Unaufunga kwenye unyayo, unakaa kwenye kiti kirefu, unaacha mguu uning'inie, unauinua, unaushusha. Mara hamsini asubuhi, hamsini jioni. Niliuma kitambaa. Baada ya miezi miwili goti lilikunjika nusu, na nusu ile haikutosha kuzungusha pedali. Nilimwendea Fundi Salumu nikichechemea.

"Mwalimu, goti halizunguki?"

"Linafika nusu tu."

"Basi tutapunguza mzunguko." Akatafuta mkono mfupi wa pedali kutoka baiskeli ya mtoto, akaufunga upande wa kushoto, akaacha mrefu upande wa kulia. "Utaonekana kama bata," alisema. "Lakini bata hufika."

Kabla ya kurudi njiani nilikwenda ofisini kwa bwana ujenzi, msimamizi wa njia ile. Nilimweleza yaliyonipata. Alinisikiliza, akasema, "Mama, ulishuka kwa hiari yako. Njia ile ni ya kupita, siyo ya kusalimiana."

"Mliipima kwa kitu gani?"

"Kwa baiskeli, bila shaka."

"Ilikuwa imebeba nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la bibi yake. "Haikubeba kitu. Ilikuwa baiskeli."

Hapo ndipo nilipojua chanzo cha kuvunjika kwa mguu wangu. Shinyanga nzima hukuti baiskeli tupu. Ina pamba, ina mpunga, ina mgonjwa, ina ubao. Walipima chombo ambacho hatuna, wakatupimia njia ya kukipitisha.

Kesho yake nilifunga ubao, nikapanda lami. Ngusa akapiga filimbi. Sikusimama mpaka nilipomfikia.

"Mama wa ubao, umepona unaanza tena?"

"Nimepona ndiyo maana naanza. Niandike."

Alitoa daftari, akatoa kalamu, akababaika. Nilikuwa nimeongoza mikono ya watu wengi wasiojua kuandika, nikaelewa. Kumbe muda wote ule daftari lilikuwa la kutishia tu. Kurasa zake zilikuwa nyeupe.

"Lete niandike mwenyewe," nilisema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. Nikaandika: *Kabula, mwalimu. Nimepita barabarani kwa kuwa njia ya baiskeli ilinivunja mguu.* Nikamsomea. Akaniruhusu kupita.

Niliwaambia wanafunzi wangu habari ya kurasa zile nyeupe. Waliokuwa na baiskeli wakaanza kupanda lami, mmoja mmoja, na kila aliyesimamishwa alidai daftari. Herufi zilikuwa kubwa na zilipanda milima. *Mimi Nkwabi nina gunia mbili hazipiti.* *Mimi Mwanaidi nguzo imenitoa jino.* Walikuwa wamejifunza kuandika majina yao kwa mtihani. Sasa walipata mahali pa kuyaweka. Ngusa alianza kulalamika kwamba daftari linaisha, lakini filimbi yake ilipungua sauti. Baadaye akaja darasani, akakaa kwenye benchi la mwisho na sare yake.

Siku moja aliniita. "Mwalimu, huyu sikumsimamisha. Alisimama mwenyewe, akaomba kalamu." Akanionyesha ukurasa. Mwandishi alikuwa amekandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. *Lubinza. Hapa mkamwana alinisalimu.*

Sikuwahi kumwambia mzee kwamba nimeyasoma. Naye hakuniuliza.

Daftari lilipojaa, Ngusa alilipeleka ofisini kama alivyoagizwa tangu mwanzo, kwani lilikuwa daftari halali la makosa. Wiki chache baadaye mafundi walikuja na kamba ya kupimia, wakaazima sokoni baiskeli yenye magunia. Walifunika mfereji kwa mabamba ya zege, wakaondoa mawe, kutoka mjini mpaka kwenye kalavati. Ng'ambo ya kalavati hawajafika, na nguzo bado zimesimama. Huko napita lami, mchana kweupe, na ubao wangu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari aliyezihesabu siku zangu tatu kwa ukamilifu, na muuguzi aliyebonyeza kidole mara mbili. Namshukuru mume wangu kwa pua yake. Namshukuru Mzee Lubinza, aliyekosea kwa upendo na kuniinua kwa upendo.

Kwako uliyelala na mguu uliovunjika. Mfupa ukitoboa ngozi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yakipungua huku harufu inazidi, usifurahi, piga kelele upelekwe. Ukifunguliwa plasta, mguu utakuwa mbaya kutazama. Utazame, ufunge mchanga, uinue. Na watakapokuambia ulianguka kwa uzembe wako, usikubali haraka. Rudi ulipoangukia ukapapime.