Maua Meupe ya Njia ya Nakwa

Frida hakuzaliwa mwoga. Alipokuwa msichana kule Dareda aliwahi kumfukuza fisi kwa ufagio, na mpaka leo kaka zake wakitaka kumtania humwuliza kama fisi yule hajambo. Aliolewa Nakwa na Kornel, akamzaa Jovin, akamuuguza mama mkwe mpaka akamzika, akalima mahindi, maharage na mbaazi mwaka hadi mwaka, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema anaogopa kitu. Woga aliujua ukubwani, tena ukiletwa na jani.

Kwao, mahindi yakishavunwa, mwenye shamba huwakaribisha wafugaji wanaopanda kutoka tambarare za Hanang. Ng'ombe hula mabua, hulala shambani siku kadhaa, huacha samadi, na kila upande unaondoka na faida yake. Baba mkwe wake alifanya hivyo, na Kornel akafuata. Ila mwaka mmoja samadi ile ilikuja na mbegu ndani yake. Mvua za kwanza ziliponyesha, pale pale ng'ombe walipolala pakaota mmea wenye majani yaliyochanikachanika, kama ya karoti. Frida alicheka, akasema Mungu amewapa mboga bila jasho. Baadaye mmea ukatoa maua madogo meupe, mazuri kweli, na Kornel akauvamia kwa mikono mitupu, akang'oa kutwa nzima huku akiimba besi yake ya kwaya.

Jioni mikono ilikuwa imemvimba na shingo inamwasha. Kila palizi alirudi kuung'oa, na kila palizi hali ilizidi. Kikaja kikohozi kisichosikia asali wala tangawizi, na mwisho kifua kikaanza kulia filimbi. Asubuhi moja Frida alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kinywa wazi, mabega yakipanda na kushuka, hewa haiingii. Hakuweza kusema. Alimkazia macho tu mkewe, macho ya mtu anayezama mbele ya watu waliosimama ukingoni. Hospitalini mjini daktari alisema ni pumu, na kwamba chavua ya gugu lile ndiyo inayoiamsha. Wakarudi nyumbani na kichupa cha kuvutia dawa mdomoni, na Frida akarudi na woga wake, na tangu siku hiyo hakulala bila kuutegea sikio mgongo wa mumewe.

Aliyewafundisha kupambana nalo ni Valence, bwana shamba wa kata, kijana mpole mwenye pikipiki inayopiga kelele kuliko yeye. Aliwaambia jina lake ni gugu karoti. Frida hakutaka jina. Alitaka dawa kali, iue mpaka mizizi.

"Mama Jovin, dawa peke yake itaua lililokwisha kuota," Valence alimwambia. "Mbegu zimelala udongoni, zinakusubiri. Hili gugu unalizunguka pande zote, ukiacha upande mmoja limepita."

Basi wakalizunguka. Waliling'oa lingali changa, udongo ukiwa na unyevu, mikono ikiwa ndani ya glovu, na daima kabla halijachanua. Walipanda maharage na fiwi kwa kubananisha ili ardhi isipate mahali pa uchi. Dawa walipiga kwenye mipaka tu, kule jembe lisikofika. Ng'ombe wa wageni walifungiwa kwanza zizini mpaka matumbo yasafike, na samadi ikarundikwa ipate moto wake kabla ya kwenda shambani. Kornel alikatazwa kabisa kuligusa. Majembe yalioshwa langoni, na viatu pia, vya kila mtu, mpaka majirani wakasema Mama Jovin anaosha watu miguu kama Padre siku ya Alhamisi Kuu. Alicheka nao. Aliendelea kuosha.

Shamba likapona. Barabara haikupona. Kutoka darajani mpaka kanisani, kando ya njia isiyokuwa shamba la mtu, gugu lilisimama kila mwaka likiwa jeupe, na hakuna aliyeliona kuwa kazi yake. Frida aling'oa mpaka pale nguvu zake zilipoishia. Palipobaki alipita haraka, ameziba pua kama anapita penye mzoga.

Sasa njoo kwenye sikukuu ya Ekaristi, ile ya mwezi wa sita. Mwaka huo Kornel alichaguliwa kuwa mmoja wa wanaume wanne wanaoshika nguzo za kile kitambaa cheupe kinachomfunika Padre anapobeba Ekaristi barabarani. Baba yake alishika nguzo hiyo. Babu yake pia. Kornel alivaa koti lake la harusi, ambalo vifungo vyake vilikuwa havikubali tena kukutana, akajitazama kwenye kioo kwa muda ambao hata bibi harusi angeuonea haya. Frida alifurahi naye, ila alikichukua kile kichupa cha dawa, maana koti lile mifuko yake ilikuwa imetoboka, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili.

Desturi ni kwamba kila jumuiya hupewa kipande chake cha njia ikipambe. Watoto wenye nguo nyeupe hutangulia na vikapu na kumwaga maua mbele ya Padre. Miaka mingine maua huwa ya boganvilia na waridi za nyumbani. Mwaka huo mvua ilikatika mapema, bustani zikakauka, na wanawake walihangaika. Mwenyekiti wa jumuiya yao, Consolata, yaani Mama Rogathe, alikuwa amewaambia wasihofu, atayaleta mwenyewe.

Alikuja na vikapu vinne, akavifunua kwa madaha. Vilikuwa vimejaa gugu karoti mpaka juu.

Frida alirudi nyuma hatua moja kabla hajajua kwamba amerudi.

"Shikamoo, Mama Rogathe. Haya maua umeyatoa wapi?"

"Marahaba. Kule darajani. Yamejaa, jamani, Mungu kayapanda mwenyewe! Hayajapendeza?"

"Ni gugu karoti."

"Mama Jovin, hata leo? Hata leo unatuletea kilimo?"

Wanawake wakacheka, na hawakucheka kwa ubaya. Consolata mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Kornel alipolazwa, ni yeye aliyepeleka uji hospitalini kila siku.

"Baba Jovin anashika nguzo," Frida alisema. "Watoto watayarusha mbele ya pua yake. Ninaogopa, dada yangu. Naomba tusiyamwage."

"Ni vimaua tu. Sasa njia ya Bwana ibaki tupu, kipande chetu peke yake? Tutauweka wapi uso?"

Wimbo ulikuwa umeshaanza kusikika kutoka kanisani, na watoto walikuwa wanaishika mishikio ya vikapu. Kumnyima Bwana maua siku ya sikukuu yake ni jambo ambalo halijawahi kufanywa na mwanamke wa Nakwa, na aliogopa macho ya watu, akamwogopa Padre, akamwogopa na Mungu kidogo. Lakini aliyakumbuka yale macho ya ukingoni mwa kitanda. Alifungua kanga yake kiunoni, akaitandaza chini, akamimina vikapu vyote vinne juu yake, akafunga furushi kwa nguvu kama anafunga jogoo mkorofi. Kisha, kwa kuwa hakuamini mtu, akalikalia.

"Umerukwa na akili," Consolata alisema taratibu.

"Labda."

Maandamano yakafika. Watoto wa jumuiya yao wakapita na vikapu vitupu, wameinamisha vichwa kama waliochapwa. Padre alipita. Kornel alishika nguzo ya mbele, upande wa upepo, na alipoona njia tupu na mkewe ameketi juu ya furushi, uso wake ulikunjamana kwa aibu, akatazama mbele. Frida aliipokea aibu hiyo. Mumewe amepita na anahema, mengine wataongea nyumbani.

Hapo ndipo alipoinua macho akatazama kule mbele. Baada ya kona, kipande cha jumuiya iliyofuata kilikuwa cheupe pande zote mbili, na watoto wao walikuwa wanachota kwa viganja viwili na kurusha juu. Nao walikuwa wamekwenda darajani.

Alikimbia. Alipita pembeni ya kwaya, akapita wazee, akakanyaga gauni la mtu na hakuomba radhi. Upepo wa mwezi wa sita uliyachukua yale maua kabla hayajafika chini na kuyarudisha kwenye nyuso za wanaume wa nguzo. Kikohozi cha kwanza alikisikia akiwa bado nyuma. Frida anavijua vikohozi vya Kornel kama mama anavyojua vilio vya mtoto, na hiki hakikuwa cha kusafisha koo. Nguzo ikatikisika. Kitambaa kikalegea upande mmoja, kikakaribia kumgusa Padre kichwani.

Akapeleka mkono kiunoni kutafuta fundo la dawa. Hakukuta kanga.

Kanga ilikuwa kule nyuma, chini, imefunga maua, na dawa ya mumewe imo kwenye pindo lake. Alitaka kurudi, na alitaka kumshika Kornel, na miguu haikukubali upande wowote. Kornel akakohoa tena, akajikunja, lakini mkono haukuiacha nguzo.

"Lete," Frida alisema, ameshaingia ndani ya mstari.

Kornel akatikisa kichwa.

"Baba Jovin, lete hiyo nguzo!"

Akaiachia kwa sababu hakuwa na hewa ya kubishana. Baltazar, katekista, ambaye alikuwa amekuja kumtoa mwanamke aliyevamia maandamano, aliuona uso wa Kornel akabadili nia, akamshika kwapani na kumtoa kando, kwenye shamba la mbaazi. Frida alibaki na nguzo mikononi. Hakuna mwanamke aliyewahi kuishika.

Akageuza shingo, akapaza sauti katikati ya wimbo mtakatifu. "Mama Rogathe! Dawa iko kwenye pindo la kanga! Mama Rogathe!"

Kisha akalazimika kutembea, maana Padre alikuwa anatembea na kitambaa lazima kisimame. Alikanyaga yale maua. Aliyasikia yakipondeka chini ya viatu, akazisikia mbegu zikijishika kwenye soksi, naye hata hazikumwingia akilini. Masikio yote yalikuwa nyuma. Kornel alikohoa, na Frida akashukuru. Akakohoa tena, kwa mbali zaidi. Ilimradi anakohoa, yuko hai.

Kikohozi kikakatika.

Watu wengine wangeshusha pumzi kwa kusikia ukimya ule. Frida alijua maana yake. Kifua kikifunga kabisa, hakibaki na hewa hata ya kukoholea. Mikono ilimtetemeka mpaka kitambaa kikapepea, na Padre, aliyekuwa hajainua macho yake kutoka kwenye Ekaristi muda wote huo, akasimama. Maandamano yote yakasimama.

"Mama, nenda," alisema.

Mtu mmoja akaipokea nguzo, Frida hata hakumwona ni nani. Alikimbia, akajikwaa kwenye matuta ya mbaazi, akaanguka, akaendelea kwa magoti. Baltazar alikuwa amemkalisha Kornel chini, amemwegemeza kifuani mwake. Midomo ya Kornel ilikuwa imebadilika rangi. Mbele yake amepiga magoti Consolata, mwanamke mnene asiyekimbia hata mvua ikinyesha, kichwa wazi, anatweta. Alikuwa amelifungua furushi kwa meno. Kichupa kilikuwa mkononi mwake, lakini mkono wenyewe ulikuwa umejaa unga mweupe wa maua, na alikuwa ameuzuia hewani, machozi yanamtiririka.

"Sikumgusa," alisema. "Mama Jovin, nimeogopa kumgusa na mikono hii. Kishike wewe."

Frida alikipokea, akakifuta kwa upindo wa gauni lake, akakitia kinywani mwa mumewe. Alibonyeza. Hakuna kilichoingia. Akabonyeza tena huku akimwambia avute, avute kidogo tu, kama anavuta uji wa moto, na akasikia chembe ya hewa ikipenya mahali fulani ndani, nyembamba kama uzi. Akabonyeza tena. Alimvua lile koti la harusi lililojaa chavua, akalitupa mbali. Consolata alikuwa anasali kwa sauti, Baltazar anaitikia, na kule barabarani wimbo ulikuwa haujaanza tena.

Ilichukua muda. Midomo ilirudi rangi yake pole pole, na filimbi ikarudi kifuani, ile filimbi ambayo Frida aliichukia miaka yote, na sasa aliisikiliza kama redio inayosoma majina ya waliofaulu. Kornel alifumbua macho. Alimtazama mkewe, akatazama barabara iliyosimama kwa ajili yake, akatazama mwavuli wa kitambaa unaoshikwa na mtu mwingine.

"Umenivunjia heshima," alisema, neno moja moja, "mbele ya Ekaristi."

"Nimekuvunjia, ndiyo." Alilaza sikio lake juu ya shati la mumewe, mbele ya katekista, mbele ya Consolata, mbele ya parokia nzima. "Nyamaza sasa. Hema, nikusikie."