Kaniki Yangu Kwenye Kamba

Jamani, leo nimeponea chupuchupu kupigwa mawe hapa Mtoni. Kisa nguo!

Si mnajua hobi yangu kushona mavazi ya zamani? Safari hii nilishona vazi la mabibi wa enzi za Mjerumani: kaniki nyeusi yenye shanga nyekundu.

Nikaifua, nikaianika uani.

Nikasahau kwamba waganga nao wanavaaga hivyohivyo. Na kaniki mpya inachuja rangi.

Maji meusi yakatiririka mpaka mlangoni kwa jirani yangu, Mama Rehema. Katoka, kayaona, kainua macho kwenye kamba.

Yowe alilopiga: “Mchawi!”

Watu wakajaa. Wengine wameshika mawe. Mie najitetea, hakuna anayesikiliza.

Bahati nzuri mjumbe wa mtaa akafika. Nikamwonyesha picha za nguo zangu zote, akawatawanya.

Nikajifungia ndani. Mara hodi, mlango wa nyuma.

Mama Rehema. Peke yake. Ananong'ona:

“Dada, nisamehe kwa zile kelele. Mume wangu siku hizi halali nyumbani. Nisaidie.”

Nimemwambia mie nashona tu. Kacheka: “Najua, mambo haya hayasemwi.”

Bado kasimama mlangoni. Nikikataa, si atapiga yowe tena?

Nifanyeje?