Majina ya Mizinga ya Cleophas

Hapa Busunzu ukikuta mtu anaitwa jina ambalo hakubatizwa nalo wala hakuadhiniwa nalo, uliza ni nani aliyempa. Utaambiwa: Mzee Badru. Ndiye mimi. Shule niliishia darasa la sita, lakini kwa kubandika watu majina mimi ni profesa, na sijaona mshindani tangu Kibondo hadi Kasulu. Mwalimu Ghati, aliyehamishiwa kwetu kutoka Mara, nilimwita Kengele, maana akikohoa mwanzo wa kijiji, watoto wa mwisho wa kijiji wanakaa wima. Alininunia. Sasa ukimwita Ghati hageuki.

Cleophas mfuga nyuki nilimwita Moshi. Kofia yake ilinuka moshi, koti lake lilinuka moshi. Akichelewa kanisani, waumini walijua kafika bila kugeuza shingo. Yeye hakununa. Alicheka, akasema:

"Asante, Badru. Na wewe nimeshakupa lako."

"Lipi?"

"Liko porini. Siku ukijaribu kufanya kazi utalikuta."

Mnasikia dharau hiyo?

Maana Cleophas aliipa mizinga yake majina. Wafugaji wenzake huchonga alama kwenye gogo, basi. Yeye alichonga alama, kisha akangoja nyuki waingie, akawachunguza tabia msimu mzima, ndipo akatoa jina. Mzinga wa nyuki wakali, waliomkimbiza hadi mtoni, aliuita Mama Mkwe. Uliojaa taratibu lakini haukukosa asali hata msimu mmoja aliuita Generosa, jina la mkewe, na mkewe mpaka leo hajaamua kama alisifiwa au alitukanwa. Mwingine aliuita Diwani: nyuki wake waliingia kwa vishindo, kisha hawakuonekana tena. Kwa mizinga hiyo Cleophas alijenga nyumba ya bati na kusomesha mabinti wawili, bila kulima kibarua shamba la mtu yeyote.

Uzeeni ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimwingia macho yote mawili. Hakutuambia. Aliteremsha mizinga kutoka mitini, akaiweka kwenye vichanja vifupi, akadai magoti yanauma. Tukaamini, kwa sababu aliendelea kwenda porini peke yake na kurudi na asali. Siri ilifichuka asubuhi moja alipomwamkia mbuzi wa jirani. "Mwakeye!" akasema, akainama na kupiga makofi kwa heshima zote kama tunavyosalimiana sisi Waha. Jina la kumpa nilikuwa nalo mdomoni, tamu kabisa. Nikalimeza. Niliuona uso wa Generosa.

Basi akapelekwa na binti yake kwenye hospitali ya misheni kule Kabanga, akapasuliwe. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Akiwa huko huko, Generosa akaja kwangu mbio, fyekeo mkononi.

"Shemeji, moto unashuka mlimani! Mizinga yote iko chini, kwenye nyasi. Ikiungua hii, mume wangu atarudi kwenye nini?"

Tulimpigia simu. Alikuwa kitandani, macho yamefungwa bandeji.

"Mko wangapi?" akauliza.

"Mimi na mkeo. Na mimi peke yangu ni kama watu watatu."

"Basi mko mtu mmoja na nusu. Hamtamaliza mizinga yote. Sikilizeni. Fyekeni kumzunguka Generosa kwanza, mlime ukanda wa udongo mtupu, moto ukose cha kula. Kisha wale wa kando ya kijito. Mama Mkwe mmfyekee kwa mbali, mkimkaribia mtalazwa hapa na mimi. Diwani aungue tu."

"Na ule wenye jina uliloniwekea?"

"Wako uko mwisho wa njia, karibu na jiwe bapa. Uacheni."

"Uungue?"

"Nimesema uacheni, Badru. Fyekeni!"

Tulifyeka, tukalima, mikono ikatoka malengelenge. Nilifanya kazi siku ile, mashahidi wapo, lakini moyoni nilikuwa na donge: miaka yote ya urafiki, na mzinga wangu umewekwa kundi moja na Diwani. Moto ukaja ukinguruma, ukafika kwenye udongo, ukasitasita, ukazunguka. Generosa ukabaki. Ya kijitoni ikabaki. Diwani akaondoka kama alivyoingia, kwa vishindo.

Majivu yalipopoa nikaenda kwenye jiwe bapa kuutazama msiba wangu. Kabla sijafika nikausikia. Nyuki walikuwa wanavuma kama mashine ya kusaga. Nikakuta mzinga mzima, na kuuzunguka udongo uliokwisha kulimwa zamani, majani makavu yakiwa yameuangukia. Kingo zake zilipinda huku na huku. Mahali nyasi zimekatwa hadi shinani, mahali zimerukwa. Aliyelima pale alikuwa anapapasa.

Nikampigia tena. "Cleophas, mzinga huu unaitwaje?"

"Redio," akasema. "Nyuki wa humo hawanyamazi, kama wewe. Macho yalipoziba nilikuwa nikipotea nasimama, nasikiliza. Redio ikilia mkono wa kulia, najua kwangu ni kushoto. Ndiyo iliyonirudisha kwa mke wangu siku zote zile. Niliifyekea ya kwanza kabla ya safari, maana nilisema, wakishindwa kunifungua macho, huo ndio nitauhitaji kuliko yote."

"Kwa hiyo mimi nina kelele?"

"Unazo. Mungu asizipunguze."

Mimi Badru nikajifuta jicho kwa mkono wa shati. Generosa alikuwa amenifuata.

"Shemeji, umeumwa na nyuki?"

"Eh. Kwenye jicho."

Cleophas alirudi anaona. Alipoteremka kwenye gari alimtazama mkewe kwa muda mrefu, mpaka Generosa akajificha uso kwa kanga. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya watu wote.

"Kumbe umezeeka hivi, Redio!"

Kijiji kikalidaka. Kesho yake napita karibu na shule, Mwalimu Ghati akalipaza kwa ile sauti yake, nusu ya Busunzu ikasikia. Nikamshukuru Mungu kwa macho ya rafiki yangu, nikageuka, nikaitika.